Korija nne za boriti: uchambuzi wa ununuzi mmoja katika Mji wa Kale wa Lamu

Kisa hiki ni cha kweli. Majina, mtaa, tarehe na bei halisi nimeviondoa, na mambo machache yasiyogusa kiini nimeyabadilisha ili wahusika wasitambulike. Niliombwa na familia niwe nao tangu siku ya kuulizia bei hadi mzigo uliposhushwa. Nimekiandika kwa ajili ya wenye nyumba, na kwa yeyote anayetaka fedha yake iende kwa mfanyabiashara anayeutunza msitu.

Usuli

Nyumba yenyewe ni ya mawe, ya urithi, ya ghorofa moja. Wenye nyumba ni ndugu watano. Wawili wanaishi Lamu, mmoja Mombasa, na wawili wako Maskati. Anayekaa ndani ya nyumba ni dada yao mkubwa, ambaye hapa nitamwita Bi Mkubwa, pamoja na binti yake aliyemaliza chuo. Dari ya msana, yaani ukumbi mrefu wa mbele, na ya chumba cha ndani ilianza kushuka. Chokaa ilikuwa ikidondoka juu ya vitanda, na boriti mbili zilikuwa zimekatika kati.

Asiyezijua nyumba za Lamu aelewe kwamba dari zake hubebwa na miti ya mikoko. Boriti hupangwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake huja mawe ya matumbawe, kisha chokaa nene. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba: urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba. Mji huu uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, na kila anayeukarabati anahitaji mti uleule, kwa sababu paa la zege na nondo haliendani na kuta za matumbawe wala na masharti ya uhifadhi.

Mti huo unatoka karibu. Zaidi ya asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya iko Kaunti ya Lamu. Wakataji huipanga kwa unene, kuanzia myembamba: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na kuendelea hadi banaa. Huuzwa kwa korija, na korija ni miti 20. Zamani majahazi yaliipeleka Uarabuni pepo zilipogeuka, hadi serikali ilipopiga marufuku usafirishaji wa nje mwaka 1982. Februari 2018 ikaja amri ya kusimamisha ukataji katika misitu ya umma nchi nzima, na mikoko ikaingizwa humo. Wakataji wa Lamu, ambao wengi wao hawana shamba wala nyavu, walikaa bila kazi. Baadaye waliruhusiwa kurudi kwa vibali na kwa maeneo yaliyopimwa.

Jambo moja la kimaumbile lina uzito katika kisa hiki. Mkoko wenyewe, ule wa mizizi iliyojikunja kama miguu ya kaa, ukikatwa shina hauchipui tena. Mchu, mti mwingine wa jamii ya mikoko, huchipua, mkoko hauchipui. Kila boriti ya mkoko inayokatwa ni mti uliokufa, na nafasi yake hujazwa tu na mche uliokwisha kujichomeka topeni chini yake. Palipokatwa ovyo miti yote iliyonyooka, hubaki iliyopinda na ile minene isiyonunuliwa, na hiyo ndiyo inayoachia mbegu.

Orodha ya fundi

Fundi alipanda darini kwa ngazi, akagonga boriti moja moja kwa mpini wa nyundo, akashuka na orodha ya mstari mmoja: boriti korija nne, zilizonyooka, za unene mmoja.

Hakuna aliyeuliza swali. Orodha ya fundi katika nyumba zetu ni kama cheti cha daktari: unakipokea, unakipeleka dukani. Bi Mkubwa alichouliza ni bei. Binti yake akaongeza sharti moja, kwamba miti itoke kwa watu wenye kibali. Alikuwa ameshiriki kupanda mikoko na kikundi cha kina mama kule ng'ambo ya mkondo, na alikataa kabisa kuiona nyumba yao ikiinuliwa kwa miti ya wizi. Wajomba wa Maskati walikubali kwa maneno, wakasema bei isizidi sana.

Wauzaji wawili

Wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa bandarini. Miti yake ilikuwa imeegemezwa ukutani, mikavu, mizuri, na angeweza kuifikisha nyumbani siku hiyohiyo. Alipoulizwa kibali hakusita, akatoa karatasi kutoka mfuko wa plastiki. Binti aliisoma yote. Tarehe yake ilikuwa ya mwaka uliopita, na mzigo uliotajwa humo ulikuwa fito na pau. Boriti haikutajwa hata moja. Mfanyabiashara alisema karatasi ni ileile, miti ni ileile. Huenda alinunua kwa nia njema kutoka kwa mtu aliyemwonyesha karatasi hiyohiyo. Sina ushahidi wa zaidi, na sitamhukumu. Ila karatasi haikuwa ya mzigo ule.

Wa pili kilikuwa kikundi cha wakataji waliosajiliwa, wenye eneo walilopangiwa na Shirika la Misitu na wenye ahadi ya kupanda miche kwenye sehemu zilizokatwa. Korija yao ya boriti ilikuwa ghali kwa takribani robo. Hawakuwa na mti hata mmoja tayari. Walisema wangesubiri kibali kitoke, waingie mkondoni wakati wa bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, ili mashua ifike ndani, wakate, warudi na bamvua linalofuata. Na walitaka nusu ya fedha mbele.

Hapo ndugu walikaribia kukata tamaa. Aliye Mombasa alituma ujumbe wa sauti: "Dada, sisi tunarekebisha nyumba au tunaendesha mradi wa mazingira?" Swali lilikuwa la haki. Dari ilikuwa imeshikiliwa na nguzo za muda na Bi Mkubwa alikuwa analala sebuleni.

Uamuzi wa kwanza: jinsi ya kulipa

Familia ilichagua kikundi, lakini haikukubali nusu mbele. Bi Mkubwa alikwenda mwenyewe kwa mweka hazina wao, wakakaa barazani, akamwambia, "Mwanangu, mimi nataka kuwasaidia, lakini fedha si yangu peke yangu." Wakakubaliana mafungu matatu. Thuluthi ingelipwa kibali kikionekana kwa macho, kikiwa na idadi na aina ya miti. Thuluthi ya pili wakati mashua inaondoka, kwa sababu wakataji huingia mkondoni na maji ya kunywa, unga na mafuta ya injini kwa siku kadhaa, na kama mteja hatoi, anayetoa ni mkopeshaji anayechukua faida yake. Iliyobaki baada ya kuhesabu.

Jambo hili naliona kubwa kuliko bei. Wanunuzi wengi hudhani kumuunga mkono mfanyabiashara mwema ni kulipa zaidi. Kikundi kile kilihitaji zaidi fedha iliyofika kwa wakati. Mteja anayelipa bei ya juu baada ya miezi mitatu anaweza kuwaumiza kuliko anayelipa bei ya kawaida kabla ya safari.

Ujumbe kutoka mkondoni

Kibali kilichelewa, mvua za masika zikashika, bamvua moja likapita bure. Fundi alitishia kwenda kwenye kazi nyingine. Kisha, mashua ilipokwisha kuingia, mweka hazina alipiga simu kutoka mahali penye mtandao hafifu. Katika eneo lao, boriti zilizonyooka zilizowekewa alama na afisa wa misitu hazikutosha korija nne. Zilikuwa mbili na kidogo. Mazio yalikuwapo mengi, yamesongamana. Akasema wazi kwamba ng'ambo ya alama, nje ya eneo lao, kulikuwa na boriti nzuri. Alikuwa anamuuliza mteja.

Tuitazame hali hiyo vizuri, maana kisa chote kiko hapa. Muuzaji mwenye kibali, mwenye nia, aliyelipwa fungu la pili, anasukumwa na orodha ya mteja wake hadi kwenye mpaka wa eneo lake. Angeuvuka mpaka, familia ingepata korija nne, karatasi ingeonyesha korija nne, na binti angeridhika. Msitu ungekuwa umepoteza kilekile ambacho ungepoteza kwa mfanyabiashara wa bandarini.

Binti alisema, "Waambieni wasivuke, watuletee zilizopo." Bi Mkubwa akamtazama, kisha akamwita fundi. Akamuuliza swali ambalo halikuulizwa siku ya kwanza: kila mahali palipoandikwa boriti, lazima pawe boriti?

Fundi alikaa kimya kidogo, kisha akapanda tena darini, safari hii na utepe wa kupimia. Alikuwa mtu wa heshima na hakupenda kazi yake ihojiwe, lakini alivyozidi kupima ndivyo alivyozidi kuchangamka. Akatuonyesha kwamba njia ya ngazi na stoo ya nyuma ni nyembamba kuliko msana, na juu yake hakuna anayelala. Mazio yaliyopangwa karibu karibu yangebeba. Akatuonyesha pia boriti za zamani zilizooza kwenye ncha tu, pale zilipoingia ukutani na kunyonya unyevu, huku kati zikiwa ngumu kama jiwe. Hizo zingekatwa ncha na kuhamishiwa kwenye sehemu fupi. "Kila mti una kazi yake," alisema. "Nyinyi hamkuniuliza, na mimi niliandika kama nilivyozoea."

Orodha mpya ikawa: boriti mpya korija mbili, boriti za zamani 18 zitumike tena, na nafasi 22 zilizobaki zichukue mazio korija moja na nusu. Boriti mpya zilishuka kutoka 80 hadi 40.

Siku ya kuhesabu

Mashua ilifunga gati alasiri, maji yakiwa yamejaa. Fundi alikuwa na uzi wenye mafundo mawili. Kutoka mwanzo wa uzi hadi fundo la kwanza ni sentimita 36, hadi la pili 44. Alikuwa akiuzungusha kwenye tako la kila mti: uzi ukikutana kati ya mafundo hayo, ni boriti. Bi Mkubwa alikaa kivulini na kibali mapajani, na kila korija ilipotimia aliweka kokwa moja ya tende juu ya ukingo wa baraza. Mwisho zilikuwa kokwa tatu na mazio kumi juu yake, na orodha mpya ilisema hivyohivyo.

Mazio matatu yalikuwa membamba, karibu na pau. Kikundi hakikubisha, waliyatoa na kuyaleta mengine safari iliyofuata. Boriti saba zilikuwa zimepinda. Fundi alitaka kuzikataa kwa mazoea, kisha akazikubali mwenyewe, akisema mpindo ukielekezwa juu, mzigo wa dari utaukalia vizuri. Miti ikapanda vichochoroni kwa mabega ya wachukuzi na kwa punda.

Matokeo

Dari ilikamilika na imesimama. Gharama ya miti ilikuwa chini kidogo ya ile ambayo mfanyabiashara wa bandarini aliitaka kwa korija nne, ingawa kila korija ilikuwa ghali zaidi, kwa sababu miti ilipungua. Ufundi ulipanda, maana kukata ncha za boriti za zamani na kupanga mazio kwa karibu kunakula siku. Ukijumlisha na nguzo za muda zilizokodiwa muda mrefu kuliko ilivyopangwa, familia ilitumia zaidi kidogo ya makadirio ya mwanzo. Ndugu wa Mombasa alilipa sehemu yake bila kulalamika tena, jambo ambalo katika mambo ya urithi si dogo.

Miezi michache baadaye ulianza kuonekana unga wa dumuzi, wadudu watoboao miti, sakafuni, chini ya boriti nne mpya. Zilipandishwa zikiwa mbichi, na baadhi hazikutolewa maganda yote. Fundi ameziparua na kuzipaka dawa. Mbili atazibadilisha.

Kikundi kilipata wateja wengine watatu wa mtaa uleule. Mmoja walimhudumia. Wawili waliwakatalia kwa sababu eneo lao la mwaka lilikuwa limekwisha, na hao wawili walinunua bandarini.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kwanza ni kuisoma karatasi pamoja na mzigo. Kuuliza "mna kibali?" hakumzuii mtu, kila muuzaji ana karatasi. Maswali yenye meno ni matatu: tarehe ni ya lini, ni aina gani ya miti, na ni korija ngapi. Mnunuzi yeyote anayejua kusoma anaweza kuyauliza bila kumtukana mtu, na yakiulizwa na wateja kumi mfululizo, karatasi ya mwaka jana itaacha kuzunguka.

Pili ni mafungu ya malipo, ambayo nimekwisha kuyaeleza.

Tatu, na hili ndilo lililookoa msitu hasa, ni kubadilisha orodha. Familia ilikuwa imefanya kila kitu ambacho mnunuzi mwema huambiwa afanye: ilichagua muuzaji mwenye kibali, ikakubali bei ya juu, ikavumilia. Hayo yote yasingezuia karibu korija mbili za boriti kukatwa nje ya alama kama orodha ingebaki vilevile. Shinikizo la ukataji wa boriti zilizonyooka linaanzia mezani kwa fundi, halafu linapanda mashua. Nikiangalia kazi nyingine nilizoziona mjini, orodha nyingi zinaandikwa kwa mazoea, boriti juu ya boriti, hata kwa choo na stoo.

Hapa natahadharisha. Kuhamia kwenye mazio si dawa ya kila mahali, maana mazio ya leo ndiyo boriti za kesho. Katika eneo lile yalikuwa yamesongamana na afisa aliweka alama kwenye yale yaliyostahili kupunguzwa. Penye mazio machache, ushauri ungekuwa kinyume. Lazima mnunuzi aulize msitu una nini mwaka huo, na anayejua ni mkataji.

Sasa yaliyoshindwa. Wakati ulikuwa mbaya. Familia iliagiza dari ikiwa tayari imeshuka, masika mlangoni, na muuzaji mwenye kufuata utaratibu hawezi kushindana na dharura. Anayeshinda dharura ni yule mwenye miti ukutani. Dumuzi nao ni matokeo ya haraka hiyo: miti ilihitaji kuparuliwa na kukaushwa kivulini kabla ya kupanda, na hakuna aliyekuwa na subira iliyobaki. Kikundi pia kilipaswa kusema hivyo wakati wa kushusha mzigo, na hakikusema. Bidhaa ya halali inayoliwa na wadudu inawapa watu sababu ya kurudi bandarini.

Kushindwa kwa pili ni kwa sifa. Binti aliweka picha za miti na maneno mazuri kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, kwa moyo safi. Simu zikamiminika kwa kikundi chenye eneo dogo na mashua moja. Kukataa wateja wawili kulikuwa uamuzi wa heshima, na naamini uliwauma, kwa sababu hao ni watu wanaokutana nao msikitini kila siku. Ukimtangaza mfanyabiashara mdogo anayefuata mipaka, taja na mipaka yake: anauza nini, kiasi gani, na foleni inaanza lini. Sifa bila hayo inamweka katika jaribu lilelile la alama za msituni.

La tatu hakuna aliyeliona hadi kazi ilipokwisha. Dari ile imekula magunia mengi ya chokaa. Chokaa ya kienyeji ni matumbawe yaliyochomwa, na tanuri lake linachomwa kwa kuni, na kuni hizo mara nyingi ni mikoko. Tulihesabu boriti kwa uzi na kokwa, chokaa ikaingia mlangoni kwa punda bila swali hata moja. Kama hesabu ni ya msitu, basi kuni za tanuri zilipaswa kuwamo.

Hali ilivyo sasa

Dari ya chumba cha juu bado haijaguswa, na itadumu mwaka mmoja au miwili. Familia imekwisha kumpa mweka hazina orodha yake: boriti nusu korija, mazio nusu korija, zikatwe kaskazi ikiwa imetulia, zikae uani zikiwa zimeparuliwa mpaka zikauke. Thuluthi ya kwanza iko tayari, inasubiri kibali. Kuhusu chokaa, binti alikwenda kwa mchomaji kumuuliza kuni anazitoa wapi. Alijibiwa kwamba ananunua kwa mtu mwenye mashua. Jina la mtu huyo analo, na atakwenda kumwona.